Mwaka Tulioosha Nyumba ya Baba

Mwezi uliopita kaka yangu Wekesa alikuja kwangu hapa Kitale akiwa na mashine ya kuoshea magari nyuma ya pikapu. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, na umbali haukuwa sababu, maana kutoka kwake Matisi hadi kwangu hata mtu mwenye goti bovu hufika kabla chai haijapoa. Alishuka, nywele zote zimekuwa nyeupe, akanisalimia kana kwamba tuliachana jana, kisha akarudi nyuma kidogo akaitazama nyumba yangu kwa jicho la mtu wa kazi. Mvua za mwaka huu zimerusha udongo mwekundu hadi karibu na madirisha, na upande usiopata jua umeota ukungu wa kijani. "Dada, hii nyumba inakuaibisha bana," akasema. "Wacha niipige maji kidogo, ikae kama mpya." Nikamwambia airudishe mashine yake kwenye gari. Nilisema kwa sauti iliyomfanya mjukuu wangu atoke nje kuangalia nani anagombana na nani. Wekesa hakuuliza kwa nini. Alikaza kamba, tukaingia ndani, tukanywa chai, tukaongea habari za mahindi na za magonjwa ya watu tunaowajua. Alipoondoka nilichukua ndoo, sabuni ya unga na brashi, nikaanza kusugua ukuta kipande kwa kipande kama mwehu. Mgongo uliniuma wiki nzima, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule na sijui la kufanya, kwa hivyo nilikaa na Wekesa Matisi, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanja chake cha kuosha magari. Shuka la maua lilitenganisha kitanda chake na godoro langu. Chumba kilinuka sabuni na dizeli, hata ugali ulinuka sabuni na dizeli, na ile harufu nilikuja kuizoea mpaka nikawa siisikii tena ila ninaporudi kutoka kanisani. Mchana niliwapikia vijana wa kazi sukuma na omena, Jumapili chapati, na kutwa nzima mashine ilinguruma kiasi kwamba tulizoea kuongea kwa kupiga kelele, hata ikiwa imezimwa. Wekesa aliipenda mashine ile kuliko mtu anavyopenda mke, na mke hakuwa naye bado. Malori yalikuja kutoka mashambani yamefunikwa tope hadi huwezi kusoma namba, naye alisimama mbele yake amevaa buti za mpira, akafungulia maji, na tope likakimbia. Watu walisimama barabarani kutazama. "Hakuna kitu kichafu," alikuwa akiwaambia, "ni vile tu haijapewa presha ya kutosha." Nilimwamini. Nilikuwa msichana mdogo na sikuwa nimeona bado kitu kinachoharibiwa na kuoshwa.

Baba alifariki mvua za masika zikiwa zimeshika. Tulirudi nyumbani Bungoma tukakuta mwili uko mochari na nyumba iko kama alivyoiacha, nyumba ambayo lazima niieleze vizuri kwa sababu mambo yote yalitoka kwayo. Baba alikuwa karani wa ofisi mjini, mtu wa tai na kiatu kilichong'arishwa, na nyumba yake ilikuwa na kuta za simiti zilizochorwa mistari ya matofali, kila tofali na umbo lake, zikapakwa chokaa. Kwa wafanyakazi wenzake aliiita nyumba yangu ya matofali. Kwa mchungaji aliiita nyumba yangu ya matofali. Mgeni akija alimzungusha hadi kona, akaugonga ukuta kwa kiganja, akamtajia fundi aliyeijenga, Mzee Ndiema wa Cheptais kule mlimani, kisha wakaingia ndani kula. Sisi watoto tulikua tukijua hivyo na hatukuwa na sababu ya kuchunguza. Kumbe chini ya ile simiti kulikuwa na udongo. Ilikuwa nyumba ya fito na matope kama nyumba nyingine yoyote ya kijijini, imevalishwa plasta nyembamba, na ile mistari ilichorwa kwa msumari plasta ikiwa mbichi. Waliojua walikuwa wamekufa, au walikuwa na adabu ya kunyamaza. Chini ya paa lile aliyejua alikuwa mmoja tu, Mayi, mama yetu.

Kikao cha kupanga mazishi kilifanyika sebuleni. Nakumbuka sinia la viazi vitamu katikati ya meza, vikombe visivyofanana, na viti vya kuazima kutoka kanisani vilivyojaza chumba hadi mlango wa chumba cha kulala ukawa haufunguki vizuri. Mayi alikuwa amekaa sakafuni juu ya mkeka, ameegemea ukuta. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na birika la chai, kwa hivyo nilisikia vipande, lakini vipande hivyo ninavyo vyote hadi leo. Baba mdogo Simiyu, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa na aliyekuwa akifanya kazi mbali nyumba ilipojengwa, ndiye aliyeanza. Alisema ofisi nzima ya marehemu inakuja, na nyumba imejaa ukungu na tope la mvua, itakuwa aibu. Shangazi mmoja akasema kina mama wa kanisa waje na brashi. Mwingine akasema ukungu hautoki kwa brashi, afadhali chokaa mpya juu yake. Simiyu akasema ukipaka chokaa juu ya ukungu, ukungu unarudi kabla hata wageni hawajaondoka. Hapo Wekesa akakohoa, akasema kwa upole, akijua kwamba ameshinda, "Mimi niko na mashine."

"Brashi inatosha," Mayi akasema.

Watu waligeuka. Mjane hatarajiwi kuongea sana katika kikao kama kile. Wekesa akamwambia, "Mayi, hiyo brashi itamaliza mwezi. Mashine ni asubuhi moja tu." Mayi akasema maji ya kisima hayatatosha mashine. Wekesa akasema atakuja na tangi lake. Mayi akasema mashine ina kelele, na hapa ni matanga. Simiyu akamjibu kwamba mwili haujafika, kelele itakuwa imeisha. Mayi akasema chokaa itabanduka. Wekesa akacheka kidogo, akasema chokaa ya zamani ndiyo inafaa ibanduke, atapaka nyingine. Mayi akafikiri. Niliona akifikiri, nimesimama na birika mkononi, na nilidhani ni uchungu tu unamfanya mbishi. "Basi tumia kitambaa," akasema mwishowe. "Kitambaa chenye maji kidogo. Mimi mwenyewe nitapangusa." Watu walimtazama kwa huruma. Simiyu akamwambia, "Shemeji, wacha watoto wafanyie baba yao kitu malidadi. Wewe puzika tu." Sababu zote zilikuwa zimemwishia Mayi isipokuwa moja, na hiyo ingemfanya marehemu kuwa mwongo mbele ya ndugu zake kabla hajazikwa. Mayi alivuta leso yake juu ya mabega. Nimekirudia kikao kile kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia siku ya harusi yangu, na kila mara natamani angepiga kelele.

Wekesa alianza asubuhi mvua ilipotulia. Majirani walikuja kutazama, na mwanzoni kulikuwa na la kutazama kweli. Maji yalipopita, ukungu uliondoka kwa mistari mipana, na weupe wa zamani ukatokea, na ile michoro ya matofali ikaonekana wazi kabisa, hata mama mmoja akapiga kigelegele akasahau ni matanga. Wekesa alikuwa amelowa hadi kifuani na alikuwa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo niliyoiona. Alimpenda baba na hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Kisha akafika kona ya chumba cha kulala, mahali plasta ilikuwa na ufa wa miaka mingi, akaelekeza maji pale kwenye ufa ili autoe uchafu uliojificha. Maji yakaanza kutoka ya kahawia, mazito. "Ona uchafu!" akatuita. "Ona vile ilikuwa imejificha!" Akasogea karibu. Kadiri alivyopiga ndivyo maji yalivyozidi kuwa mazito, na kadiri yalivyozidi ndivyo alivyozidi kupiga, kwa kuwa mtu wa kuosha magari haachi mpaka maji yatoke safi. Alikuwa akiutoa ukuta wenyewe, akidhani ni uchafu wake.

Mayi alitoka kwa mlango wa jikoni, akatazama yale maji yanayotiririka uani. Alisema, "Wekesa, imetosha." Akajibiwa, "Bado kidogo, Mayi, inakaribia kuisha." Alirudi ndani, akatoka na redio ya baba. Akaiweka chini ya mparachichi. Akarudi akatoka na suti yake, ile ya mistari, bado iko kwenye hanga. Akarudi akatoka na saa ya ukutani, na godoro, na sufuria kubwa, na picha ya harusi. Nilimfuata nikimshika mkono, nikimwambia, "Mayi, tulia, nani amekwambia tunahama?" Aliniambia, "Shika upande ule wa kabati." Wanawake walitikisa vichwa, wakasema uchungu umemwingia kichwani. Kabati tulikuwa tumelifikisha nje ya mlango niliposikia plasta ikianguka, kipande kikubwa, kama mlango umepigwa na upepo. Nikageuka. Mahali palipokuwa na matofali sasa palikuwa na fito na udongo mwekundu uliolowa unaoteleza polepole kwenda chini. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani, na kumbe udongo ndio uliokuwa ukizishika. Wekesa aliruka nyuma. Ukuta wote wa mbele ukalala uani, na paa likainama juu yake, likavuta kuta nyingine.

Hakuna aliyeumia, na watu walimshukuru Mungu kwa sauti kwa muda. Kisha Simiyu akasogea, akachota udongo kwa mkono, akaufinya. "Kumbe ni matope," akasema. "Miaka yote hii kutupigia kelere ati matofari, na ni matope tupu." Mtu fulani nyuma alicheka akajizuia. Nilihisi uso ukiniwaka. Nilimchukia Simiyu, na saa hiyo hiyo nilimchukia baba, aliyelala mochari na hawezi kujibu, kwa kutuacha tusimame pale na uongo wake umemwagika miguuni petu.

Kwetu mwanamume hazikwi bila kuingia nyumbani mwake kwanza. Sasa nyumba haikuwepo, na wazee wakaamua kijengwe haraka kijumba cha udongo, cha kutosha jeneza kuingia na mjane kukaa. Wanaume walikata miti, wanawake tukakanyaga udongo. Ni udongo ule ule tulioutumia, ule uliomwagika, maana ulikuwa umeshalowa. Mayi alikataa kukaa. Alivua viatu akaingia kwenye tope hadi vifundoni, na ingawa mjane hapaswi kufanya kazi, hapakuwa na aliyethubutu kumtoa. Wekesa hakushika udongo hata kidogo. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: fundi aliiba matofali ya baba. Alilirudia kwa kila mtu mpaka likawa kweli. Baba alitoa matofali, fundi akayauza, akajenga kwa matope, akafunika na simiti, na baba akafa akiwa hajui. Nadhani alihitaji iwe hivyo. Kama si fundi, basi ni baba, au ni yeye na mashine yake, na hilo hakuliweza. Alichukua pikapu akapanda hadi Cheptais.

Alirudi mchana wa siku iliyotangulia mazishi, na Mzee Ndiema amekaa karibu naye. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani na alikuwa na mfuko wa vitunguu magotini. Alidhani amechukuliwa kwa heshima ili amlilie rafiki yake. Alishuka, akavua kofia, akatafuta nyumba kwa macho. Vijana walikuwa tayari wamemzunguka.

"Mzee, matofali ya baba yangu ulipeleka wapi?" Wekesa akamwuliza.

Mzee alitazama lile rundo la udongo na mabati. "Mimi nilijenga vile niliambiwa," akasema.

"Uliambiwa na nani? Si useme! Uliambiwa na nani ujenge na matope?"

Mzee Ndiema aligeuza kofia mikononi, akamtazama Mayi aliyekuwa ameinama kwenye kuta mbichi, kisha akatazama chini. Sauti zikapanda. Mmoja akasema mwizi ni mwizi hata akizeeka. Mwingine akasema watu wa mlimani wamezoea kuibia kabila letu, na niliposikia hilo niliogopa kweli, kwa sababu najua maneno kama hayo huishia wapi. Kijana mmoja aliokota ufito. Simiyu, aliyekuwa mkubwa pale, aliyeweza kusema neno moja likatosha, alikuwa amekunja mikono anatazama. Vitunguu vilikuwa vimeanguka na vinakanyagwa.

"Mwacheni huyo mzee," Mayi akasema.

Hakupaza sauti. Alikuja katikati yao na mikono yake imejaa tope hadi viwiko, na vijana wakampisha kwa sababu hawakutaka kuchafuliwa. "Huyu alisimamisha nguzo na paa," akasema. "Ukuta ni wangu. Udongo nilichota mtoni na mtungi. Nilikanyaga na hii miguu, nikakandika na hii mikono, na wewe Wekesa ulikuwa tumboni. Matofali hayakufika hapa hata siku moja. Baba yenu alipopata ile kazi ya ofisi akapaka simiti juu yake, akachukua msumari akachora, akaanza kusema ni matofali. Nikamwachia. Yalikuwa yanamfurahisha."

Yule kijana aliuweka ufito chini polepole, kana kwamba ameuokota ili auchunguze. Simiyu alisema, "Sasa hii aibu, shemeji, tutaipereka wapi?" na Mayi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Wekesa. Naye Wekesa alikuwa na uso ambao sijauona kwa mtu mwingine tangu siku ile.

"Ungeniambia," akasema. "Mbele ya watu wote unaniambia leo? Nilikuuliza, Mayi. Si nilikuuliza?"

"Nilikwambia brashi."

Wekesa akaenda kwenye mashine yake, akaiwasha. Watu walirudi nyuma, hawakujua anataka kufanya nini. Alielekeza maji kwenye buti zake, akaosha udongo wote uliokuwa umeshika, kisigino na nyayo, akasogeza mguu huu na ule. Akazima. Akaipakia, akafunga kamba, akaondoka. Kesho yake jeneza liliingia katika kile kijumba kuta zikiwa bado zinatoa maji, na wenzake baba kutoka ofisini wakainama mmoja mmoja kupita mlangoni na viatu vyao vya ngozi. Mzee Ndiema aliimba pamoja nasi. Ulipofika wakati wa mtoto wa kwanza kutupa udongo kaburini, mchungaji aliita jina la Wekesa mara mbili, kisha nikasogea mimi.

Mwaka uliobaki nilikuwa mtu wa kupeleka maneno kati ya Bungoma na Kitale. Nilimkuta Wekesa kiwanjani, mashine ikinguruma, nikampigia kelele kwamba Mayi anamwita. Alijibu bila kuizima: "Mwambie nitamjengea nyumba. Ya matofali kweli, si ya kuchora." Nilirudi nikasema. Mayi alikuwa amekaa mlangoni pa kile kijumba, ambacho sasa alikuwa amekipaka vizuri na kukizungushia mstari wa udongo mweusi chini, kizuri hivi kwamba wapita njia walisimama. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie asijenge," akasema. "Mwambie aje tu, tutakula." Nikapeleka. Wekesa akaniuliza kama Mayi bado anakaa kwenye tope, nikasema ndiyo. Akaendelea na lori lake.

Kabla mwaka haujaisha, wakati wa mavuno, lori liliingia kwetu. Tulilisikia tangu barabarani na Mayi akafunga leso vizuri kichwani, akaniambia niongeze maji ya ugali kwenye sufuria. Lilikuwa limejaa matofali, mekundu, ya kuchomwa vizuri, yamepangwa safi. Vijana wakaanza kuyashusha uani. Mayi alizunguka lori upande wa dereva, akachungulia ndani, akazunguka upande wa pili akachungulia tena.

"Yeye ako wapi?" akamwuliza dereva.

"Nani, Mama?"

"Mwenye haya matofali."

Dereva alifuta jasho, akatazama wale vijana waliokuwa wakishusha. "Mimi nimetumwa tu kuleta," akasema. "Uniambie tu unataka tuyapange wapi."

Mayi aliingia ndani, nikamsikia akiyapunguza yale maji ya ugali.